Joho la Kukodi

Mwaka jana nilipata kazi ya kumwandikia Mmarekani mmoja mwenye studio makala ya kuwashauri wanafunzi jinsi ya kujiandaa kupigwa picha ya kumaliza sekondari. Maneno 1,000, dola 10. Sharti lilikuwa moja: niandike kama mama wa huko ambaye bintiye yuko mwaka wa mwisho. Mimi ni mwanamume wa miaka 25, naishi chumba kimoja Kahawa West, na sina mtoto. Nikaandika.

Ukifanya hizi kazi za mtandaoni unajifunza mambo mengi yasiyokuhusu. Nilijifunza kwamba kule picha hii ni shughuli nzima. Wengi huipiga likizo ya kiangazi, kabla hata mwaka wa mwisho haujaanza, na ile rasmi huingia katika kitabu cha mwaka cha shule. Basi nikashauri: nyoa wiki moja kabla, si siku yenyewe. Jaribu nguo mapema, ukiwa umesimama na ukiwa umekaa. Epuka maandishi makubwa kifuani. Kama unavaa miwani, tafuta fremu isiyo na vioo ili taa zisimulike machoni. Beba kitu unachokipenda: gita, mpira, hata mbwa.

Kilichonishika zaidi ni nguo za picha rasmi. Katika shule nyingi, wasichana wote huvishwa kitambaa cheusi mabegani, ungedhani ni gauni la karamu, na wavulana koti la sherehe na tai ya kipepeo. Ni mali ya studio. Anavaa huyu, anavua, anavaa mwingine. Kile kitambaa hufungwa kwa nyuma tu, na chini yake mtu yuko na jinzi yake. Nilicheka peke yangu. Si wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako?

Halafu nikaacha kucheka, maana nilikumbuka picha iliyo ukutani kwa mathe.

Ni yangu ya kidato cha nne. Mpiga picha alikuja shuleni Jumamosi moja, wiki chache kabla ya KCSE. Bleza zilikuwa 3 kwa darasa zima, kwa hivyo tulipanga foleni. Iliyonifikia ilikuwa ya kiranja, beji yake ikiwa bado kifuani. Mikono ilinizidi, nikaikunja kwa ndani. Nikajipaka mafuta usoni, nikafunga tai ya mtu, nikaikazia kamera macho kama mtu anayejua anakoenda. Mathe aliitia kwenye fremu, na kila mgeni akiingia anaambiwa, "Huyu alikuwa kiranja." Sikuwahi kuwa kiranja, hata wa kuzima taa za bweni. Sikuwahi kumrekebisha pia.

Kando ya picha hiyo kuna msumari. Aliupigilia mwenyewe wiki niliyopata barua ya kuitwa chuo. Ni wa picha ya joho.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikuwa imenishinda na, niseme ukweli, hamu pia ilikuwa imeisha. Mathe sikumwambia. Kwa miaka 3 nikawa natoa hadithi: mara mgomo wa wahadhiri, mara matokeo yamepotea, mara nimewekwa kwenye orodha ya mwaka ujao. Kisha jirani yangu wa ploti, ambaye hupiga picha, akanipa suluhisho. Ana joho na kofia yake, anakodisha. Shilingi 500, pazia la maua nyuma, dakika 10 umemaliza. "Si unataka tu mathe atulie?"

Swali likanikaba koo. Kuna tofauti gani kati ya joho lake, ile bleza, na kile kitambaa cheusi cha Marekani? Zote ni za kuazima. Kama moja ni uongo, mbona nyingine zisiwe?

Kuna watakaosema kila picha ya kupangwa ni uongo. Mimi sikubali. Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, na humo aliweka suti, saa, kalamu, redio, hata skuta. Aliyekuja bila saa alipigwa picha akiwa na saa. Leo picha zile zinatundikwa katika majumba ya makumbusho, na ukizitazama huoni matapeli. Unaona watu wakisema, hivi ndivyo ningependa mnione. Sidhani kuna jirani aliyeibiwa chochote na saa ile.

Ninavyoona, picha ya namna hiyo ni ahadi. Kijana wa Marekani anapiga picha ya kumaliza kabla hajamaliza, na kila anayeiona anajua utaratibu ulivyo. Mimi pia, ndani ya bleza ya watu, nilikuwa naahidi. Ahadi inaweza kuvunjika bila kuwa uongo. Inageuka uongo pale uliyemwahidi anapozuiwa kujua ilipofikia. Kwa hivyo bleza haikudanganya mtu. Nilidanganya mimi, kila nilipokaa sebuleni wageni wakiambiwa habari za ukiranja nami nikaendelea kunywa chai. Joho lingekuwa baya zaidi. Lenyewe haliahidi kitu, linasema mambo yamekwisha kutendeka.

Nilijivunia sana hoja hii. Nikampigia mathe simu, nikamwambia kila kitu. Alinyamaza mpaka nikaangalia kama simu imekatika. Kisha akasema, "Hiyo picha piga tu."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto hesabu. Yeye sasa anajua, kwa hivyo picha haitamdanganya. Lakini kuna wamama wa chama waliochanga nikiingia mwaka wa kwanza. Kuna mjomba aliyeuza ng'ombe. "Mimi umeniambia, mwanangu. Hao nao nitawaambia nini?"

Hoja yangu yote ikaporomoka. Nilikuwa nimehesabu watu wawili, mimi na mathe, kumbe ahadi ile ilikuwa na wenyewe wengi. Na kuna jambo lililoniuma zaidi. Nilikuwa nimetua mzigo, nikahisi mwepesi kabisa, ila niliutua kichwani mwake. Mimi niko Nairobi. Yeye ndiye anayewakaribisha wageni chini ya ule msumari. Kumbe unaweza kusema ukweli na bado ukawa umemkimbia mtu.

Joho sikukodi. Badala yake, Desemba nilienda nyumbani, nikafika mwenyewe kwa mjomba. Hakupiga kelele. Aliniuliza yule ng'ombe angekuwa amezaa mara ngapi kufikia sasa. Tukakaa pale uani tukahesabu pamoja, mwaka baada ya mwaka, tukapata ndama 4. Akasema sawa, amesikia. Sijui kama amenisamehe, na sidhani nina haki ya kumharakisha.

Wamama wa chama bado. Mathe ameomba tungoje kwanza, na safari hii nimeona neno ni lake. Lakini habari za ukiranja amezikoma. Mgeni akiuliza, anasema tu, "Huyo ni kijana wangu, hapo alikuwa kidato cha nne." Hilo ni kweli, na picha imebaki palepale.

Na yule mama wa Marekani niliyemwigiza? Mteja wangu anamjua alivyo, wasomaji wake hawamjui. Kwa kipimo changu mwenyewe huo ni uongo, na nililipwa kwao. Bado nafanya kazi hizo, kodi hainingoji nimalize kufikiri. Ila kama ningeandika makala ile leo, baada ya kunyoa na kupiga pasi ningeongeza ushauri mmoja: kabla hujakaa mbele ya kamera, jiulize ni nani atakayeulizwa kuhusu picha hii siku ambayo wewe haupo.

Ule msumari sasa mathe ametundika kalenda ya Sacco. Ni ya mwaka jana, na hajaonyesha dalili ya kuitoa.