Ekari Ulizoandikisha

Ndugu mkulima wa alizeti, wewe wa Iramba, Mkalama na Ikungi mkoani Singida, na wenzako wa Dodoma na Simiyu, leo tuzungumze juu ya daftari la ruzuku.

Tangu mwaka 2021 serikali ilipoipa alizeti kipaumbele katika mikoa hii mitatu, Wakala wa Mbegu za Kilimo amekuwa akileta mbegu za ruzuku kwa bei iliyo chini ya ile ya dukani. Sababu inajulikana: nchi inatumia mafuta ya kula mengi kuliko inayoyakamua, na pengo linazibwa kwa fedha za kigeni. Lakini mgao wote huo unasimama juu ya neno moja, yaani ekari ulizomtajia mtendaji wa kijiji.

Hapo ndipo penye mtihani. Mtu ana ekari 3, anaandikisha 10. Kilo 2 za mbegu zinatosha ekari moja, kwa hiyo amebeba kilo 14 zisizo zake, na zinaishia mnadani.

Wapo wanaosema huo si wizi, eti mali ya serikali haina mwenyewe. Inaye. Mbegu zililetwa kwa hesabu, na mvua za Singida ni za msimu mmoja tu. Mjane wa kitongoji cha pili akifika Desemba akaambiwa zimekwisha, hana msimu mwingine wa kungojea. Atapanda punje alizobakiza mwaka jana, zilizokwisha kuchanganyika, zenye vichwa vidogo na mafuta haba. Ekari zako 7 za hewani ndizo zilizompokonya. Kisha mwakani wakubwa watajumlisha madaftari, watasubiri mavuno ya mashamba yasiyokuwepo, na wasipoyaona watasema watu wa huku ni wavivu.

Najua utakavyonijibu, na jibu lako lina uzito. Ulihimizwa ulime, ukalima, na mwaka 2023 bei ikaanguka baada ya mafuta ya nje kuingia kwa ushuru nafuu. Gunia ulilolitegemea kwa ada ya mtoto halikurudisha hata fedha ya palizi. Uliumizwa kweli. Uchungu huo upeleke kwa diwani, kwa mbunge, kwenye chama cha ushirika, na usichoke kuusema. Lakini aliyeshusha ushuru hakuwa yule mjane.

Nawe mtendaji, kalamu unaishika wewe. Mipaka ya mashamba unaijua, na anayekutajia ekari 10 unajua anadanganya. Ukiandika kwa kuwa ni shemeji yako, au kwa kuwa amekuachia kitu mezani, dhambi hiyo mmeigawana. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu. Isome orodha pale, jina na ekari, kwa sauti. Wanakijiji wanajuana mashamba.

Na uliyekwisha kuandikisha zaidi, njia ya kurudi ipo. Msimu ukikaribia, wakulima huitwa ofisi ya kijiji kuhuisha taarifa zao. Nenda mapema, kabla mgao haujaanza, useme ekari zako ni 3. Huna haja ya maelezo marefu. Itafutwa ile 10, itaandikwa 3, na zile kilo 14 zitarudi kwenye hesabu wakati bado yupo wa kuzipanda.