Kanda, Nafasi na Karafuu za Pemba

Uchumi wa kanda huanza na eneo ambalo tayari lina jina na mipaka. Mkoa wa Kusini Pemba una wilaya mbili, Chake Chake na Mkoani. Mtaalamu wa kanda huuliza mkoa huu unazalisha nini, ajira zikoje, na kwa nini Mjini Magharibi kule Unguja umeuacha nyuma. Uchumi wa nafasi hauna haja na mipaka hiyo. Huanza na masafa na gharama ya kuyavuka, kama Johann Heinrich von Thünen alivyofanya mwaka 1826 alipowaza mji mmoja kwenye tambarare, mazao yakiuzunguka kwa kufuata gharama ya usafirishaji.

Mzozo huu kuhusu nafasi ni nini ulikuwapo kabla ya wachumi. Kwa Newton, nafasi ipo hata ikiwa tupu. Leibniz, katika barua alizoandikiana na Clarke, mtetezi wa Newton, mwaka 1715 na 1716, alishikilia kuwa ni uhusiano baina ya vitu, basi.

Kwa hesabu ya kanda, Mtambile ni sehemu ya Wilaya ya Mkoani. Kwa hesabu ya nafasi ni njia panda, barabara ya Chake Chake na Mkoani inapoachana na ile ya Kengeja. Karafuu za huko huchumwa, hutengwa na makonyo, huanikwa juani kwenye majamvi, kisha hupelekwa kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua kila daraja kwa bei moja visiwani kote. Bei hiyo hufuta masafa kwa amri, lakini kati ya shamba na kituo gunia bado lina mchukuzi wake. Na Mombasa ikilipa zaidi, magendo hufufuka: hapo mpaka na masafa hugombana waziwazi.

Mchumi Paul Krugman alionyesha mwaka 1991 kwamba usafiri ukishuka bei, viwanda na watu huweza kurundikana upande mmoja. Je, Mpemba aliyestawi kwa duka Kariakoo, Dar es Salaam, ni maendeleo ya Pemba? Mwenye kuhesabu watu atasema ndiyo. Mwenye kuhesabu mahali atasita, na kusita kwake kuna haki, kwani shule na barabara hupangiwa bajeti kwa wilaya. Nyumba anayoijenga Mpemba huyo kijijini huhesabiwa Kusini Pemba, na duka lililoijenga huhesabiwa Dar es Salaam.