Kumwagilia kwa Kipimo



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, pamoja na Ahli zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo,

Ndugu zangu katika imani, nyumbani kwetu ni Nchelenge, kandokando ya Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na Kiswahili huvuka pamoja na wafanyabiashara wa samaki. Likizo ya Desemba nilimkuta mama ana mmea mdogo ndani ya kopo, karibu na dirisha. Majani yake manene yamejaa maji, na ncha zake hupitisha mwanga kama kioo. Wataalamu huuita haworthia. Ni jamaa wa mshubiri, na asili yake ni Afrika Kusini. Huko kwao hujizika ardhini, zikabaki juu ncha peke yake, na mwanga hupenya kwenye ncha hizo mpaka ndani ya jani. Subhanallah! Aliyeuficha ardhini ndiye aliyeuwekea dirisha.

Mama aliposafiri kwa wiki tatu, aliniachia mmea ule kama amana. Nikaupenda. Kila asubuhi baada ya Swala ya Alfajiri niliumwagilia, nikihesabu kwamba natenda wema. Mvua zilikuwa zinanyesha, hewa ina unyevu, na kopo halikuwa na tundu. Majani yakageuka manjano, yakalegea, yakawa yanachomoka kwa kuguswa tu. Nikadhani ni kiu. Nikaongeza maji.

Mama aliporudi aliung'oa, tukaona mizizi imekuwa myeusi, imeoza. Hakunigombeza. Alikata sehemu mbovu, akakuta pembeni vichipukizi viwili bado vizima. Akaviacha kivulini siku chache, majeraha yakauke. Akatoboa kopo chini, akachanganya udongo na mchanga wa chengachenga na vijiwe, akavipanda. Akaliweka kopo panapoingia jua la asubuhi, si la mchana linalounguza. Akangoja siku kadhaa kabla ya kutia maji. Kisha akaniambia: "Mwanangu, tia kidole kwanza. Udongo ukiwa umekauka mpaka chini, mwagilia hadi maji yatoke tunduni, kisha uache. Ukiwa bado mbichi, uache vilevile."

Siku hizo hata ziwa letu lilikuwa limeachwa lipumzike. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaane. Mvuvi anajua kwamba kuna wakati ambapo kuliangalia ziwa ni kutolitia wavu.

Ndugu zangu, niliporudi chuoni nilimkumbuka mwenzetu mmoja wa mwaka wa kwanza. Alikuja msikitini mara ya kwanza akiwa na haya, hajui vizuri hata kusoma Fatiha. Tulifurahi mno. Wiki hiyohiyo tukampa vitabu vitano. Kila usiku tukamtumia mawaidha kwenye simu. Huyu akamsema kwa suruali yake, yule kwa marafiki zake, na mimi kwa kuchelewa darasa la Qur'ani. Mwezi haujaisha, akapotea. Tukasema imani yake ni dhaifu. Mimi ndiye niliyelifuta jina lake kwenye orodha yetu.

Wallahi, hatukumnyima maji. Tulimzamisha.

Tazameni walivyofanya waliotutangulia. Ibn Mas'ud, Allah amridhie, alikuwa akiwapa watu mawaidha kila Alhamisi. Mmoja wao akatamani yawe kila siku. Akakataa, akaeleza kwamba hapendi kuwachosha, na kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, naye aliwachagulia nyakati kwa kuchelea wasichoke. Na Mtume alipomtuma Mu'adh Yemen, alimwelekeza aanze na shahada. Wakiikubali, awafundishe swala tano. Wakilikubali hilo, ndipo awaambie habari ya zaka. Hatua kwa hatua. Na katika Suratul Hijr, Mola wetu anatufahamisha kwamba vyote alivyoviotesha ardhini amevipa kipimo. Basi mja kwa nini umwagilie bila kipimo?

Lakini msije mkafanya maneno haya kuwa kisingizio cha kuwatelekeza watu. Mmea huu ukisahaulika kabisa, majani hunyauka na kusinyaa. Anayeacha kumwagilia kwa sababu udongo ni mbichi ametunza. Anayeacha kwa sababu hajali amepoteza amana. Tofauti yao ni kile kidole: je, umetazama kwanza?

Basi ndugu yangu, dada yangu, wiki hii mtafute mmoja aliyetoweka kati yetu. Usimpelekee kitabu. Kaa naye, kula naye, umuulize hali yake na masomo yake, umsikilize. Huenda imani yake ipo hai chini ya udongo, na kinachoonekana juu ni ncha ndogo tu inayopokea nuru. Mimi nimeshaanza na yule niliyemfuta. Alinipokea kwa salamu, tukanywa chai. Sikumtajia darasa.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliowachosha waja Wako kwa pupa zetu. Turuzuku hekima ya kujua wakati wa kutoa na wakati wa kungoja, na uwarudishe kwetu tuliowapoteza. Aamin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.