Juu ya Kuijua Hatari

Je, ni haki kumficha mtu hatari iliyo mbele yake kwa sababu tu hana uwezo wa kuiondoa? Swali hili, msomaji, limepata kuulizwa hata juu angani.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn, Mmarekani, aliizunguka dunia mara 3 katika chombo kilichoitwa Friendship 7. Miongoni mwa vituo vilivyofuatia safari yake kimoja kilikuwa Unguja. Chombo kirudicho duniani hushuka kwa kasi kubwa hata hewa iliyo mbele yake ikawa kama tanuri, na kinga yake ni ngao ya joto. Glenn alipokuwa katika mzunguko wa pili, wasimamizi waliona ishara kwamba ngao imelegea. Hawakumwambia mara moja. Walimwuliza maswali ya kuzunguka. Mwisho wakamwamuru asiitupe mitambo ya kupunguzia mwendo, iliyofungwa kwa mikanda juu ya ngao, ili iishikilie. Alishuka salama, ikabainika ngao ilikuwa nzima na ishara ilikuwa ya uongo. Hata hivyo Glenn hakupendezwa na kufichwa.

Kisa cha pili ni cha msiba. Tarehe 16 Januari 2003 Columbia ilipokuwa ikipaa, kipande cha povu kilibanduka katika tangi lake kikapiga bawa la kushoto. Wahandisi waliomba bawa lipigwe picha angani. Ombi lao halikukubaliwa. Palikuwa na waliofikiri kwamba hata jeraha likionekana, dawa haipo. Tarehe 1 Februari chombo kilivunjika kikirejea, na watu 7 wakafa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa jaribio la kuwaokoa, ingawa gumu, lingewezekana.

Tazama tofauti. Wasimamizi wa Glenn walichelewa kusema, lakini waliitafuta kweli na wakatenda. Wa Columbia hawakutazama. Kusitasita mbele ya habari isiyo hakika ni udhaifu unaosameheka. Kuyafumba macho kusudi ni kosa jingine, maana asiyetazama hawezi kujua kama dawa ipo au haipo.

Chukua mfano wa mwenye nyumba wa Ekalakala, katika nchi kame ya Machakos. Mvua za vuli zikikaribia, hukagua paa lake hata kama hana fedha ya bati jipya. Akiliona tundu, aweza kuhamisha gunia la mahindi na kitanda cha mtoto. Tundu halikuzibwa, lakini hasara imepungua.

Labda utasema, kujua huleta hofu, na hofu bila tiba ni mateso matupu. Hoja hii ina huruma ndani yake, lakini inasahau kwamba maisha ni ya mwenyewe. Hata asiye na njia ya kupona ana maneno ya kuwaambia watoto wake, deni la kulipa na msamaha wa kuomba. Amfichaye humnyang'anya saa hizo, na saa hazirudishwi.

Mwaka 2005 wanaanga wa Discovery waliikagua ngao yao wakiwa angani, na mmoja wao akatoka nje akang'oa vipande vilivyochomoza kati ya vigae. Walirudi salama. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Basi, msomaji, ukiwekwa kuwa msimamizi wa wengine, usiogope kutazama. Na ukiisha kuona, usiogope kusema.