Elimu Inayojitembeza

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hukumu hii ni kali, na kama ingefuatwa neno kwa neno, vyuo vikuu vingi vya dunia vingeingia katika aibu. Siku hizi chuo kikuu hakingoji mwanafunzi aje kubisha hodi. Hutuma wajumbe katika nchi za mbali, hupanga meza katika kumbi za hoteli, hugawa vitabu vyenye picha za bustani na nyuso za furaha, na huwalipa mawakala wa kukitafutia wanafunzi. Serikali nazo hutia mkono katika kazi hiyo, zikavitangaza vyuo vya nchi zao kama zitangazavyo pamba, nyama na mbuga za wanyama. Je, elimu ijitembezayo namna hii ni kibaya? Au methali imetumiwa kupima jambo ambalo si la kipimo chake?

Australia yafaa kuwa mfano, maana imepita njia yote, toka kutoa mpaka kuuza. Mpango wa Colombo, uliobuniwa mwaka 1950 na kuanza kazi mwaka 1951, uliwapeleka huko maelfu ya wanafunzi wa Asia kwa gharama ya serikali. Walifika wakati ambapo siasa ya nchi ile bado iliwazuia watu wasio Wazungu kuhamia huko, siasa iliyofutwa kabisa mwaka 1973. Mwaka 1985 ilifunguliwa njia nyingine: vyuo viliruhusiwa kupokea wanafunzi wa nje wenye kulipa ada yote. Kufikia mwaka 1990 malipo hayo yalikuwa ndiyo kanuni. Leo elimu huhesabiwa huko miongoni mwa vitu vikubwa vinavyoiletea nchi fedha za kigeni, pamoja na chuma, makaa ya mawe na gesi.

Ni rahisi kusema kwamba mwanzo ulikuwa wa heshima na mwisho ni wa tamaa. Usemi huo usikubaliwe haraka. Mpango wa Colombo ulizaliwa wakati serikali za Jumuiya ya Madola zilipokuwa na hofu ya kuenea kwa ukomunisti katika Asia. Mtoaji alikuwa na haja yake, na zawadi yake haikuwa zawadi tupu. Kwa upande wa pili, muuzaji hawi mwovu kwa sababu ya kuuza. Ada ya mgeni hulipa mwalimu, hununua vitabu na huendesha maabara. Tena mwanafunzi aliyelipa hana deni la shukrani kwa mtu; hukaa darasani kwa haki yake. Kwa hiyo mpaka kati ya wema na ubaya haupiti baina ya kutoa na kuuza. Utafutwe mahali pengine.

Wala kutangaza peke yake si aibu. Methali ile ilitungwa sokoni, na sokoni mnunuzi ana macho na mikono. Hushika kitambaa akakivuta, humgeuza samaki akamtazama. Kizuri huweza kujiuza kwa kuwa kinaonekana. Lakini chuo kilicho Melbourne hakionekani na kijana aliye Nairobi au Kathmandu. Asipoambiwa, hatajua kwamba kipo. Kama vyuo vyote vingenyamaza kwa kuona haya, kimya hicho kingekuwa faida ya vile vyenye majina makongwe tu, na chuo chema kisicho na sifa kingekaa bila wanafunzi.

Hata hivyo, umbali ule ule unaohalalisha tangazo ndio unaoliongezea deni. Mnunuzi asipoweza kuona, kinywa cha mtangazaji huwa ndicho jicho lake. Anayekubali kuwa jicho la mwenziwe hana ruhusa ya kuona upande mmoja. Hapo ndipo penye mashaka ya kazi ya wakala. Wakala hulipwa na chuo kwa kila mwanafunzi anayeingia, lakini kijana na wazazi wake humwendea kama mshauri. Sheria ya Australia ya mwaka 2000 ya kuwalinda wanafunzi wa nje, pamoja na kanuni zilizoifuata, imevikataza vyuo kutangaza uongo. Sheria hiyo ni njema, lakini sheria hukamata uongo kwa urahisi kuliko inavyokamata nusu ya ukweli. Picha ya ufuko wa bahari si uongo. Kodi ya chumba ikitajwa kwa herufi ndogo, nayo si uongo. Lakini kijana hufunga safari kwa picha, kisha akaishi kwa herufi ndogo.

Tena bei ya elimu hailipwi kwa fedha tu, hulipwa kwa umri. Mwaka 2009 baadhi ya skuli za binafsi za Australia zilizotegemea wanafunzi wa nje zilifungwa ghafula. Mwaka huo huo wanafunzi wa Kihindi waliandamana Melbourne na Sydney kulalamikia mashambulio waliyotendewa. Mwaka 2012 serikali ilianzisha huduma ya kumwezesha mwanafunzi ambaye chuo chake kimeanguka kupata nafasi kwingine au kurudishiwa ada. Hilo lilikuwa tendo la haki. Lakini fedha hurudishika, na miaka hairudishiki.

Mtu aweza kujibu kwamba mwanafunzi ni mtu mzima, asome mkataba kabla ya kutia sahihi. Jibu hili lina nguvu, ila halitoshi. Mkataba hutaja ada na masomo, na hukifunga chuo. Mwito, kwa upande wake, hutolewa kwa jina la nchi nzima, na neno lake kuu ni karibu. Neno hilo haliandikwi katika mkataba wowote, na kwa hiyo hakuna hakimu wa kulidai. Latimizwa au kuvunjwa na dhamiri ya mwenye kuita.

Miaka michache iliyopita ililijaribu neno hilo. Tarehe 3 Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, Waziri Mkuu Scott Morrison aliwaambia wageni wa muda, wanafunzi wakiwamo, kwamba wasioweza kujikimu warudi makwao. Januari 2022, wafanyakazi walipokuwa haba, serikali yake iliahidi kuwarudishia ada ya viza wanafunzi watakaowahi kufika, ikawahimiza wasaidie kujaza kazi zilizokosa watu. Tarehe 1 Julai 2024, chini ya serikali nyingine, ada hiyo ilipandishwa kutoka dola 710 hadi dola 1,600, na mwaka 2025 ikafika dola 2,000.

Kila tendo lilikuwa na sababu yake, na hakuna serikali isiyo na haki ya kuwatazama wananchi wake kwanza. Swali la mgeni, hata hivyo, lingali pale pale: aliitwa kwa ajili ya nini? Kama ni kwa ajili ya elimu, haja yake ya elimu haikupungua mwaka 2020, wala haikuongezeka mwaka 2022. Kilichobadilika ni haja ya mwenye nyumba. Mwito unaopanda na kushuka kwa haja ya mwenye kuita ni ajira iliyovaa joho. Haki itajwe pia: mwaka ule wa 2020 vyuo kadhaa na baadhi ya majimbo yaliwapa wanafunzi wa nje misaada. Hao walionyesha kwamba neno karibu laweza kushikwa hata siku ya dhiki.

Jambo hili si la Waaustralia peke yao. Vyuo vya Uganda vimepokea kwa miaka mingi wanafunzi wa Kenya, Rwanda na Sudan Kusini. Anayeitwa leo huenda akawa mwenye kuita kesho, na atahitaji kipimo cha mwito wake. Kipimo hicho hakiko mbali. Aseme bei ya chumba kwa sauti ile ile anayosifia bustani. Aseme shahada yake itapokewaje huko mwanafunzi atokako. Aseme kama mlango utabaki wazi baada ya masomo, au utafungwa. Maneno haya yatamfukuzia wanafunzi kadhaa, na hapo ndipo atakapojijua. Mtangazaji asiyekuwa tayari kupoteza mnunuzi kwa ajili ya ukweli hana ukweli anaoutangaza.

Basi methali isitupwe, ila ipewe muda. Kizuri kisichojulikana chaweza kulazimika kujitembeza mara ya kwanza. Mara ya pili hutembezwa na mwanafunzi aliyerudi kwao, na yeye halipwi kwa kila kichwa.