Mihuri juu ya Majonzi

Mwaka jana niliweka kwenye status ya simu yangu picha ya ukurasa mmoja wa daftari la babu. Ulikuwa rasimu ya wasifu wa marehemu mjomba, ambao babu aliusoma mwenyewe siku ya mazishi. Katika mstari wa tatu aliandika "mwanangu ni", akakata "ni", akaandika "alikuwa". Chini ya picha nikaweka maneno yangu: mwandiko wa wazee una roho.

Haikupita saa moja mama akapiga simu. Nikamwamkia, hakuitikia. "Futa hiyo," alisema. "Huo ni msiba wa kaka yangu, siyo maonyesho."

Nilifuta. Swali halikufutika: je, ni halali kuona uzuri katika majonzi ya mtu mwingine?

Wakati huo nilikuwa naandaa mada ya semina ya uzamili kuhusu sanaa ya mwandiko ya Wachina, na kazi niliyoichagua ilinirudisha kwenye swali hilohilo. Mwishoni mwa mwaka 755 jenerali An Lushan aliuasi utawala wa Tang. Yan Gaoqing, aliyeshika mji wa Changshan, alikataa kumtii. Mji ulipoanguka aliuawa, na mwanawe Yan Jiming pia. Mwaka 758 ndugu yao wa ukoo, Yan Zhenqing, alikaa kuandika maneno ya kumlilia kijana huyo. Kilichokuwa kimepatikana ili kizikwe ni kichwa chake tu.

Yan Zhenqing alikuwa bingwa wa mwandiko ulionyooka, mzito, wenye nidhamu. Katika karatasi hii nidhamu inamponyoka. Anakata maneno, anaandika pembeni, wino unakauka kwenye brashi na mkono hausimami. Ilikuwa rasimu tu. Leo inahifadhiwa katika Makumbusho ya Kitaifa ya Kasri mjini Taipei, na wajuzi wengi huiweka nafasi ya pili kati ya kazi zote za mwandiko wa mtiririko, nyuma ya ile ya Wang Xizhi ya mwaka 353, ambayo nakala yake ya asili imepotea.

Kilichonishtua ni mihuri. Kwa karne nyingi wamiliki, wakiwemo wafalme, waligonga mihuri yao myekundu kwenye hati hiyo. Kila muhuri unasema: nami niliiona, nami niliimiliki. Nikajitambua. Status yangu ilikuwa muhuri mwekundu juu ya msiba wa mama.

Lakini sanaa hii ina jambo jingine. Herufi ya Kichina huandikwa kwa mpangilio maalumu wa mikwaju, na mkwaju ukishapita haurudiwi. Kwa hiyo anayejua kusoma anaweza kuufuata mkono ulioandika: hapa uliharakisha, hapa ulisita, hapa ulichovya wino upya. Wanafunzi wamejifunza hivyo tangu zamani, kwa kuiga mkwaju kwa mkwaju. Huwezi kufanya hivyo kwa haraka, wala huwezi kusahau kwamba aliyeandika alikuwa anamwita mtu aliyekufa.

Labda tofauti iko hapo. Uzuri haukuwa kosa langu. Aliyelia vizuri msibani tunamsifu, na hatumdhulumu kwa kumsifu. Kosa langu lilikuwa kuuchukua uzuri na kumwacha marehemu. Hata jina la mjomba sikulitaja.

Nilipokwenda nyumbani likizo nilimwomba mama lile daftari. Alinitazama kwa muda, kisha akalileta. Sikutoa simu. Nilichukua kalamu na karatasi, nikaanza kunakili rasimu ya babu neno kwa neno, pamoja na yale aliyoyakata. Nilipofika mstari wa tatu niliandika "ni", nikalikata, na mkono wangu ukasimama palepale ulipokuwa umesimama wa babu.

Mama alikuwa amekaa kando yangu. Akaanza kunisimulia habari za kaka yake.