Bao Chini ya Kitanda

Baba mkubwa alianguka alfajiri, akitawadha. Mama mkubwa alisikia kopo likigonga sakafu, akamkuta ameegemea ukuta, mdomo umepinda, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Majirani pale Ngamiani, Tanga, walisema mengi. Wengine walitaja upepo mbaya, wengine jini. Hospitali walisema ni kiharusi: mshipa wa damu umeziba kichwani. Presha ilikuwa juu mno, na dawa zake alikuwa akizimeza siku anapoumwa kichwa tu.

Nayasimulia haya kwa kuwa katika yaliyoupata mkono ule nami nina sehemu yangu, na kwa kuwa najua zipo nyumba zinazopita leo njia tuliyopita sisi.

Wiki ya pili, mtaalamu wa mazoezi tiba, mama wa makamo, aliniuliza swali nililoliona la ajabu. "Mzee alikuwa akipenda kufanya nini kwa mikono yake?" Nikamjibu, bao. Kila alasiri barazani, tangu nipate akili. "Basi mleteeni bao lake," akasema. "Achukue kete, aitie shimoni. Ikimshinda, mkono wa kushoto uushike wa kulia uupeleke. Mara mia kwa siku, akiweza zaidi afanye zaidi. Na chakula ale kwa mkono huohuo, hata kikimwagika." Akatuonya tusimnyanyue kwa kumvuta mkono ule, maana misuli inayoshika bega imelegea na mfupa huweza kushuka mahali pake.

Tulirudi nyumbani tumeudhika. Mtu hawezi kukaa mwenyewe, tunaambiwa acheze! Tulikuwa tukingoja sindano, dawa ya bei ghali, chochote chenye uzito wa msiba uliotufika. Bao nikalisukuma chini ya kitanda mimi mwenyewe, asije akaliona akaumia moyo.

Usiku ule nikaiona video kwenye simu. Mgonjwa amekaa mbele ya kioo, kigasha chake kimefungwa kwenye mkono wa chuma, na ule mkono wa chuma unamsaidia kukifuata kitone kinachotembea kiooni. Nilisoma mpaka usiku wa manane. Mashine ya kwanza ya namna hiyo kusifika sana ilianza kujengwa mwaka 1989 katika chuo cha MIT kule Marekani, na Neville Hogan na wenzake. Hermano Igo Krebs aliifanyia kazi miaka mingi. Ilipewa wagonjwa kwa mara ya kwanza katikati ya miaka ya 1990. Uzuri wake ni kwamba haimburuti mgonjwa. Akijaribu mwenyewe, inamwachia. Akikwama katikati, inammalizia safari. Na haichoki: humrudisha mtu kwenye tendo lilelile mamia ya mara kwa kikao kimoja. Nikasema moyoni, dawa ya baba mkubwa ndiyo hii.

Tukafungua kundi la michango. Hospitali ya kumpeleka ilikuwa India, na fedha zilichukua miezi mitano kutimia. Miezi mitano hiyo ndiyo ninayotaka msomaji aitazame kwa makini.

Baba mkubwa ni mtu wa adabu za kizamani. Kula kwa mkono wa kushoto kwake ni aibu asiyoweza kuibeba, wala hakutaka kuonekana na kijiko. Mkono wa kulia ukitetemeka, wali unamwagika kifuani, mama mkubwa analia. Kwa hiyo tukamlisha. Tulipokezana, kila mtu akitaka zamu yake, na tuliona fahari. Tukamfunga vifungo vya kanzu, tukamchana ndevu, tukamshikia bilauri. Mkono wenyewe tuliulaza juu ya mto mweupe kama mgeni. Tulipomwinua kitandani tulimkamata popote tulipofikia, na onyo la bega likasahaulika. Mwezi wa tatu akaanza kupiga kelele ukimgusa bega. Vidole vikajikunja kiganjani. Sisi tukasema, aah, roboti itavinyoosha.

Lakini miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ndiyo ubongo unapokuwa na wepesi mkubwa wa kujipanga upya, na njia mpya hupita pale panapotumika. Sehemu isiyotumika huachwa. Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliona jambo hili kwa kima ambao mishipa ya hisia ya mkono mmoja ilikuwa imekatwa: mnyama aliacha kuutumia mkono ule kabisa, ila ulipofungwa ule mzima, alianza kuufanyisha kazi. Uwezo ulikuwemo muda wote. Kima alikuwa amejifunza kutoutumia. Nasi tulikuwa tukimfundisha baba mkubwa somo hilohilo mara tatu kwa siku, kwa sahani ya wali.

India mashine ilikuwa kweli kama ya kwenye video. Mwanzoni alikaa kwayo akiwa na haya, kisha akaipenda, hasa alipoona alama zake zikipanda kiooni. Kitone kilichokuwa kikimshinda wiki ya kwanza, wiki ya tatu alikifikia. Nilipiga picha, nikatuma nyumbani, kundi zima likashukuru Mungu.

Siku moja mtaalamu wa pale, binti mdogo tu, aliniita pembeni na daftari lake. Nani anamlisha? Mimi. Nani anamvalisha? Mimi. Nani anamfungia kizibo cha chupa ya maji? Nikajibu kwa kujivuna kwamba hata kizibo simwachii. Hakuandika kitu. Aliniambia kwamba mashine inao mkono ule dakika 45, mara chache kwa wiki, na saa zote zilizobaki ninao mimi.

Sikulala. Nikarudi kusoma, safari hii nikisoma hata yale yasiyonifurahisha, na yalikuwapo wazi tangu mwanzo. Mwaka 2010 madaktari wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa 127: baada ya wiki 12, roboti haikuwashinda wataalamu waliofanya mazoezi mazito kwa mikono yao. Mwaka 2019 jarida la Lancet likatoa utafiti mkubwa zaidi wa Uingereza, wagonjwa 770. Kundi moja lilipewa roboti, la pili mazoezi ya vitendo halisi pamoja na mtaalamu, la tatu huduma ya kawaida. Kipimo kilikuwa kazi: kushika kitu, kumimina maji kutoka bilauri moja hadi nyingine, kuokota gololi kwa vidole, kuufikisha mkono mdomoni. Waliofanikiwa walikuwa asilimia 44 kwa roboti, 50 kwa vitendo halisi na 42 kwa huduma ya kawaida, na watafiti hawakuona ushahidi wa kutosha kusema kwamba kundi lolote limelishinda jingine kwa kipimo hicho. Mikono iliyopita kwenye mashine ilisogea vizuri zaidi. Huko kusogea hakukugeuka kushika bilauri.

Sisemi mashine ni bure. Wataalamu ni wachache, na marudio ndiyo chakula cha mkono uliopooza. Mwaka 2009 watafiti waliohesabu vikao vya tiba Marekani na Kanada walikuta mgonjwa hufanya kitendo halisi cha mkono wastani wa mara 32 tu kwa kikao. Nilipoifikia tarakimu hiyo niliweka simu chini. Bao lina mashimo 32. Mtu akitia kete moja katika kila shimo, mara moja tu, ameshafikisha kikao kizima cha hospitali za wenzetu. Na kete zipo 64, na alasiri ni ndefu.

Tulirudi Tanga. Nilikwenda kwa yule mama wa mazoezi tiba kumwomba radhi. Hakunisema. Aliugusa mkono, akajaribu bega, akasema tumechelewa ila hatujakosa kila kitu, kisha akauliza bao liko wapi.

Siku hizi baba mkubwa anakula mwenyewe, kwa mkono wa kulia, kifua kimefunikwa kanga. Nusu sahani inachukua muda wa sahani mbili. Vidole havijanyooka, na sidhani kama vitanyooka. Bega linamuuma wakati wa baridi. Alasiri tunamtoa barazani. Anashika kete chache kiganjani, anaisukuma moja kwa kidole gumba, inaingia shimoni, au haiingii.

Juzi moja ilidondoka ikaviringika hadi miguuni mwa mzee anayecheza naye. Mzee yule, kwa huruma, akainama.

"Shikamoo babu, iache," nikamwambia. "Ataiokota."

Akanitazama vibaya. Baba mkubwa akaanza kujisogeza ukingoni mwa kiti, na sote barazani tukangoja.